Muhula Mmoja, Badiliko Moja: Mwongozo wa Kuuingiza Utafiti Darasani kwa Walimu wa Mtwara na Lindi

Kwenye kabati la shule ya kwanza niliyopewa kuiongoza, huko juu kwenye uwanda wa Makonde, nilikuta mafaili 11 ya semina. Kila moja lilikuwa na orodha ya mahudhurio, vitini vilivyobanwa kwa pini, na ukurasa wa mwisho wenye kichwa "Mpango Kazi". Niliyasoma yote wiki ile ile. Mengi yalikuwa na maneno mazuri na ya kweli. Nilipozunguka madarasani sikuona hata moja kati ya yale yaliyoandikwa: mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, anauliza "Tumeelewa?", wanaitikia "Ndiyooo!", kengele inagongwa. Mwaka uliofuata nilikwenda semina mimi mwenyewe, nikarudi na faili la 12, nikalipanga pale pale.

Utafiti hauingii shuleni kwa faili. Unaingia kwa badiliko moja dogo, katika darasa moja, kwa wiki nane, walimu wakiwa wamekaa pamoja na mwalimu mkuu akiwa mmoja wao. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzipanga hizo wiki nane katika shule ya huku kwetu, ambako darasa moja lina watoto 80 na Oktoba ikifika nusu yao wako chini ya mikorosho.

Kwa nini jambo moja tu

Nianze na utafiti uliofanyika hapa hapa nchini, maana huwa tunasikia zaidi habari za Ufini na Singapore kuliko za kwetu. Mwaka 2013 na 2014 shule za msingi 350 katika wilaya 10 za Tanzania zilishiriki utafiti wa KiuFunza ulioendeshwa na shirika la Twaweza pamoja na wachumi wa elimu. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya ziada. Nyingine walimu wake waliahidiwa motisha ya fedha kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la kusoma, kuandika na kuhesabu. Nyingine zilipata vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu ili ziwe za kulinganishia. Matokeo yalichapishwa 2019. Ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Ruzuku na motisha vilipokwenda pamoja, alama zilipanda, tena kuliko ukijumlisha athari ya kila kimoja kikiwa peke yake.

Sisemi fedha hazina maana. Nimewahi kuongoza shule ambayo chaki iligawiwa kwa kuvunjwa vipande. Ninachokiona katika matokeo yale ni kwamba kitabu kipya kikiingia kwenye darasa ambalo ufundishaji wake haujabadilika, kinabaki kitabu kipya. Lazima kitu kibadilike kati ya mwalimu na mtoto.

Swali linalofuata ni jinsi mwalimu anavyobadilika. Afrika Kusini, katika jimbo la North West, watafiti walilinganisha njia mbili za kuwasaidia walimu wa madarasa ya chini wanaofundisha kusoma kwa Kitswana. Walimu wote walipewa maandalio ya masomo na vitabu vile vile. Kundi moja likakusanywa mahali pamoja kwa mafunzo, kundi la pili likafuatwa darasani na mkufunzi aliyekaa nao, akatazama, akashauri. Watoto wa kundi la pili walipiga hatua takriban mara mbili ya wale wa kundi la kwanza. Nilipousoma utafiti huo nilikumbuka mafaili yangu 12.

Na kuhusu sisi viongozi, Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake walikusanya tafiti nyingi mwaka 2008 kutazama ni kazi ipi ya mkuu wa shule inayogusa zaidi matokeo ya wanafunzi. Iliyoshika nafasi ya kwanza, kwa umbali mkubwa, ni kiongozi kuhimiza mafunzo ya walimu wake na yeye mwenyewe kushiriki kama mwanafunzi. Kufungua kikao na kuondoka kwenda halmashauri hakuhesabiki.

Hatua ya 1: Tafuta wiki nane ambazo watoto wapo

Hatua hii wengi huiruka, na kwa mikoa yetu ndiyo inayoua mipango mingi. Mwongozo ukitoka Dodoma unasema "muhula wa pili", na muhula wa pili unaishia Desemba. Lakini msimu wa korosho unaanza kuchanganya Oktoba. Mtoto wa Tandahimba au wa Nachingwea anaamka na ndoo kwenda kuokota kabla hazijaibwa au hazijanyeshewa, na mzazi anayesubiri mnada hawezi kumwacha alale. Ukianzisha jambo jipya Oktoba, utapima mahudhurio, hutapima ufundishaji.

Januari hadi Machi watoto wapo zaidi, ila mvua zina yake. Kuna shule za Liwale na Nanyumbu ambazo mto ukijaa watoto wa nusu ya vijiji vya shule hawafiki. Likizo ya Juni nayo ina jando na unyago katika maeneo mengi, na mtoto aliyetoka mwali au aliyetoka jandoni anahitaji siku chache kurudi kwenye daftari.

Kwa hiyo dirisha ninalolipenda ni kuanzia wiki ya pili ya Julai hadi katikati ya Septemba. Kiangazi kimeingia, njia zinapitika, korosho bado ziko kwenye maua. Toa rejista za miaka miwili iliyopita, hesabu mahudhurio kwa kila wiki, uchore mstari kwenye karatasi. Utaona mwenyewe bonde liko wapi. Walioko pwani ya Kilwa au Mikindani watapata picha tofauti kidogo, maana bamvua na uvuvi vina kalenda yao. Rejista yako inaijua shule yako kuliko mimi.

Chagua pia darasa lisilo na mtihani mkubwa wa taifa mwaka huo. Darasa la Pili au la Tatu ndilo linalofaa zaidi kuanzia, kwa sababu mtoto asiyesoma akifika huko bado unaweza kumrudisha bila aibu kubwa.

Hatua ya 2: Msikilize mtoto mmoja mmoja

Hii ndiyo kazi yenyewe, na naomba usiikate. Mtihani wa kuandika hauwezi kukuambia mtoto yuko wapi, kwa sababu aliyekaa naye dawati moja anajua kuandika na yeye anajua kuchungulia. Kuanzia karibu mwaka 2010 wapimaji wa Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu, walipima watoto wa Afrika Mashariki kwa njia waliyoijifunza kutoka India: mtoto mmoja, mtu mzima mmoja, karatasi moja. Kila mara walichokikuta kilitushtua, kwamba wapo watoto walio madarasa ya juu ambao hawawezi kusoma hadithi ya Darasa la Pili.

Andaa karatasi yenye ngazi nne. Juu weka silabi 10 (ma, ku, nya, mbwa na kadhalika). Chini yake maneno 10 ya kawaida: kuku, jembe, barua, nyumba. Kisha aya fupi ya sentensi nne. Mwisho hadithi ya sentensi kumi hivi, na maswali mawili ya kuulizwa kwa mdomo. Usinakili hadithi ya kitabuni, wengine wameikariri. Andika yako, iwe na mbuzi aliyekula mabibo akalewa, watoto watakupenda.

Kaa chini ya mti, mbali kidogo na darasa ili wanaosubiri wasisikie. Mwite mtoto kwa jina, mwulize nyumbani kuna nani, ndipo umpe karatasi. Anza na aya. Akiisoma bila kukwama sana, mpe hadithi. Akishindwa, mshushe kwenye maneno, akishindwa tena mshushe kwenye silabi. Ngazi ya juu kabisa aliyoiweza ndiyo unayoiandika, halafu unamwambia asante. Usimsahihishe na usigune.

Hapa kuna jambo la kwetu ambalo mwalimu mgeni hulikosea. Mtoto wa Kimakonde anaweza kusoma "barua" akatamka "balua". Huyo amesoma. Lugha ya nyumbani kwake imeiweka sauti ile hivyo, na macho yake yamefanya kazi sawasawa. Kama una shaka, mwulize, "Hiyo ni kitu gani?" Akikujibu "Ile anayoleta mtu wa posta," mwandikie ameweza. Nilimwona mwalimu kijana, mtu mzuri na mchapakazi kutoka mikoa ya kaskazini, akiwaweka watoto sita kwenye ngazi ya silabi kwa sababu ya r na l peke yake. Tuliwarudia jioni ile wote sita. Watano walisoma hadithi hadi mwisho.

Muda je? Chukua darasa la watoto 84. Kila mmoja dakika tatu, ni dakika 252, yaani saa nne na ziada. Mkiwa walimu watatu mnamaliza kwa dakika 84, vipindi viwili na kidogo. Mwalimu mkuu awe mmoja wa hao watatu. Mtoto wa kumi atakapokushikia karatasi mikononi, anaitazama, anakutazama, hasemi kitu, utaelewa kwa nini nakusihi usimtume mtu mwingine.

Kwa hesabu fanya hivyo hivyo: kutambua namba, namba ipi kubwa, kujumlisha, kutoa, kuzidisha.

Hatua ya 3: Someni matokeo pamoja, kisha chagueni badiliko moja

Tuseme watoto wale 84 wametoka hivi: 9 hawakuweza hata silabi, 21 wameishia silabi, 24 maneno, 17 aya, 13 hadithi. Yaandike ubaoni ofisini, bila majina. Mwachie mwalimu wa darasa azungumze kwanza. Mara nyingi atasema alijua. Na mara nyingi kweli alijua, ila azimio la kazi limemwambia wiki hii afundishe ufahamu wa aya, na watoto 54 kati ya 84 hawaifikii aya.

Sasa mnachagua. Nitataja mabadiliko matatu ambayo yamepimwa sana, kila moja linaendana na tatizo lake. Chukueni moja.

La kwanza ni kufundisha kwa ngazi, si kwa darasa. Shirika la Pratham la India lilianza njia hii, na tafiti zilizofuata, ambazo wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo walishiriki, zilionyesha watoto waliobaki nyuma wanapanda haraka wakitengewa saa moja au zaidi kwa siku ya kufundishwa pale walipo. Wawili hao, pamoja na Michael Kremer, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi ya namna hii ya kupima njia za kupunguza umaskini. Karibu na kwetu, magharibi mwa Kenya, shule za msingi 121 zilishiriki utafiti wa kugawa Darasa la Kwanza kufuatana na uwezo. Wenye uwezo mkubwa walifaidika, na wenye uwezo mdogo nao walifaidika, kwa sababu mwalimu aliweza kufundisha pale watoto walipo.

Kwa shule yako: saa moja kila siku, wakati ule ule, Darasa la Tatu linagawanyika makundi matatu. Wa silabi na wasioweza kitu wanakwenda kwa mwalimu hodari kuliko wote. Narudia, hodari kuliko wote, maana desturi yetu ni kumpa huyo darasa la mtihani. Kadi za silabi mtakata kwenye maboksi ya sabuni au manila. Makundi yapeni majina ya miti, mnazi, mwembe, mkorosho, na msiyapange kwa mfuatano. Watoto watajua tu nani yuko wapi, hawadanganyiki. Kinachowaondolea unyonge ni kuona mwenzao anahama. Kwa hiyo pimeni kidogo kila baada ya wiki mbili, na aliyeiva ahamishwe siku hiyo hiyo.

La pili ni subira baada ya swali. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza. Kwa kawaida ni sekunde moja, au haifiki. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, watoto wengi zaidi wakajibu, na wale wa kusema "sijui" wakapungua. Badiliko hili halina gharama na ni gumu kuliko linavyosikika. Linakwenda vizuri na kopo la majina: majina ya watoto wote kwenye vipande vya karatasi ndani ya kopo la maziwa, unauliza swali, unanyamaza, unachomoa jina. Ile "Ndiyooo" ya darasa zima inaficha wengi. Kopo halimfichi mtu.

La tatu ni kukumbuka bila kutazama. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, Marekani, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Kundi moja likairudia kusoma, jingine likafunga karatasi na kuandika lililokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojikumbusha waliwaacha mbali. Wazazi wetu hawatashangaa. Watoto wengi wa mikoa hii mchana wanakwenda madrasa, na pale kila siku mtoto hukaa mbele ya mwalimu, msahafu umefungwa, anasikilizwa alichokihifadhi jana kabla hajapewa kipya. Sisi shuleni tunawaambia "kadurusuni", wanaenda kusoma daftari upya huku macho yanapita tu. Badiliko lenyewe ni dakika tano za mwanzo wa kila kipindi: daftari zimefungwa, maswali matatu, moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Hakuna alama za kujaza popote.

Neno kwa wakuu wa shule za sekondari. Tatizo lenu la kwanza ni mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyesoma miaka yote kwa Kiswahili, leo anakuta biolojia kwa Kiingereza. Mpimeni kwa njia ile ile: asome aya ya kitabu chake kwa sauti, kisha aieleze kwa Kiswahili. Mtapata makundi matatu: asiyeweza kuisoma, anayeisoma bila kuielewa, na anayeielewa. Wa katikati ndio wengi na ndio wanaodanganya jicho la mwalimu.

Mtu akikuletea utafiti

Njiani watakuja watu na mambo mapya, wengine na mradi. Wapokee vizuri na uwaulize manne. Walilinganishwa na nani wasiopata? Ilichukua muda gani, na baada ya mradi kuondoka ilikuwaje? Madarasa yalikuwa na watoto wangapi? Na mwalimu wangu ataacha kufanya nini ili apate muda wa hili?

Nitoe mfano mmoja unaoniumiza, kwa kuwa bado unafundishwa: kwamba kuna watoto wa kujifunza kwa kuona, wa kusikia na wa kugusa, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walizipitia tafiti zilizokuwepo, na hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha kuligawa darasa hivyo. Mwalimu wa watoto 84 akipoteza jioni zake kuandaa masomo ya aina tatu, tumemwibia muda. Mtoto yeyote anafaidika kuona kitu, kukisikia na kukishika. Mgawanyo wa maana ni wa nani ameshaweza nini.

Hatua ya 4: Kikao cha Jumatano

Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, na ndani yake kila shule inatakiwa iwe na jumuiya ya ujifunzaji. Kwa hiyo huhitaji kibali wala posho. Unahitaji saa moja ya kila wiki isiyoguswa. Sisi tuliweka Jumatano saa 8 mchana, na matangazo ya ofisi yakapigwa marufuku ndani ya saa hiyo. Michango, mbio za mwenge, wageni wa wilaya, yote yana siku yake.

Ratiba yake ni fupi. Mwalimu mmoja anaeleza alichojaribu wiki ile na kilichomshinda. Wenzake wanauliza, hawahukumu. Kisha mnaandaa pamoja somo moja la wiki ijayo, kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, na mmoja anasimama kulifundisha mbele ya wenzake kama vile wao ni watoto. Hapo kwenye kusimama ndipo penye faida. Mwalimu mkuu asimame wa kwanza. Mimi nilisimama kufundisha kutoa kwa kukopa, na mwalimu wa Darasa la Pili, ambaye mwaka mzima nilikuwa nikimkagua maandalio, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hapo umesema 'tunakopa', mtoto ataelewa nani amekopwa?" Sikuwa na jibu. Tulitumia nusu saa kutafuta namna ya kulieleza kwa mafungu ya vijiti kumi kumi, na kuanzia Jumatano ile walimu wakaanza kuleta makosa yao wenyewe.

Kama shule ni ndogo, walimu wanne au watano, ungana na shule jirani mara moja kwa mwezi. Mwambie Afisa Elimu Kata. Wengi wao watafurahi kupata sababu ya kuja shuleni isiyo ya kuchukua takwimu.

Vishikwambi ambavyo serikali iligawa kwa walimu baada ya Sensa ya 2022 vinafaa kwa kitu kimoja hapa: mwalimu anajirekodi sauti dakika kumi za kipindi chake, anasikiliza peke yake jioni, na kuhesabu sekunde. Asilazimishwe kumpa mtu.

Hatua ya 5: Ingia darasani kama mwenzake

Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 ulikuta kwamba wakaguzi walipofika bila taarifa, karibu nusu ya walimu wa shule za msingi Tanzania hawakuwa darasani walipopaswa kuwa, na wengi wao walikuwepo shuleni. Huenda wapo waliokuwa ofisini wakisahihisha, wengine wakijaza fomu ambazo sisi viongozi tumewapa. Kwa hiyo kabla ya kumtazama mwalimu, punguza kile kinachomtoa darasani.

Kisha nenda. Mpe taarifa jana yake. Kaa nyuma kwa dakika 15, si kipindi kizima, na tazama lile badiliko moja tu mlilokubaliana. Karatasi yangu ina safu mbili, sekunde alizosubiri na jina la mtoto aliyejibu. Siku moja nilikaa nyuma ya darasa moja wilayani Newala, dirisha halina shata, vumbi la kiangazi limetanda kwenye madaftari. Mwalimu akauliza, "Ipi kubwa, robo tatu au nusu?" Mikono saba ikanyanyuka mbele. Nikaanza kuhesabu: moja, mbili. Alikuwa ameshafungua mdomo kumtaja mtoto wa mbele, akajizuia, akaushika ubao kwa mkono kana kwamba anajizuia asianguke. Tatu, nne. Kwenye dawati la mwisho karibu na mimi kulikuwa na msichana aliyekuwa akichora duara kwenye udongo wa sakafu kwa kidole cha mguu, akaligawa mara mbili, akaligawa tena. Tano. Akanyanyua mkono nusu. Mwalimu akamwona. Baada ya kipindi aliniambia mtoto yule hakuwahi kujibu tangu Januari.

Kinachofuata ni mazungumzo ya dakika kumi, siku hiyo hiyo. Anza kwa kumwuliza yeye aliona nini. Mpe karatasi yako aisome, abaki nayo. Kubalianeni jambo moja la kujaribu hadi utakaporudi, na utaje siku ya kurudi. Usiandike alama. Ruth Butler, katika utafiti wake wa Israel mwaka 1988, aliwapa wanafunzi wengine maoni tu, wengine alama tu, wengine alama pamoja na maoni. Waliopata maoni tu ndio waliosonga mbele. Alama ikiwepo, maoni hayasomwi, na sisi watu wazima tuko hivyo hivyo. Uwe mwangalifu na hili unaposahihisha madaftari ya watoto pia. Ukiwa na madaftari 84 chagua 12 kwa siku, uandike sentensi moja ya maana kwa kila moja, na kabla ya wiki mbili kuisha umewafikia wote.

Wiki ya tatu au ya nne jambo litalegea. Mwalimu mmoja ataumwa, kutakuwa na mashindano ya michezo, mwalimu mkuu utaitwa wilayani siku tatu mfululizo. Msilitangaze limekufa. Endeleeni pale mlipoachia Jumatano inayofuata, hata mkiwa wawili.

Hatua ya 6: Pima tena, kisha amua

Wiki ya nane rudini chini ya mti ule ule, karatasi yenye ngazi zile zile lakini silabi, maneno na hadithi nyingine. Wapimaji wabadilishane watoto, ili mwalimu asimpime aliyemfundisha. Moyo wa mwalimu unamvuta kumpandisha mwanawe. Linganisha na darasa ambalo hamkuligusa, kama mlilipima mwanzo. Watoto hukua na kujifunza hata tusipobadilisha kitu, na bila ya kulinganisha mtajipongeza kwa kazi ya umri wao.

Wiki ya nane haitakuwa na muujiza. Wale 9 wasioweza silabi huenda wakabaki 3 au 4, na kwa hao waliobaki anza kuuliza mengine: macho, masikio, njaa, nyumbani kwao. Mtoto asiyeona ubao hafundishiki kwa kadi. Wahudumu wa zahanati ya kijiji wanaweza kusaidia kuwatazama. Lengo la taifa la kasi ya kusoma kwa Darasa la Pili ni maneno 50 kwa dakika. Liwe mbele yenu, lakini kwa muhula huu wa kwanza hesabuni wangapi wamepanda ngazi.

Kama hakuna aliyepanda, ulizeni kwanza kama kweli mlifanya. Hesabuni siku ambazo ile saa moja ilifundishwa kati ya siku 40. Nimekuta mara mbili kwamba zilikuwa chini ya 20. Hapo njia haijashindwa, haijajaribiwa bado. Kama mlifundisha siku zote na hakuna kilichosogea, liacheni, mchukue la pili muhula ujao, na muandike sababu.

Hatua ya 7: Wazazi na daftari la shule

Iteni kikao cha wazazi kabla korosho hazijaanza kuokotwa, asubuhi mapema. Msisome takwimu. Mchukueni mtoto aliyekubali, ambaye mzazi wake amekubali, asome hadithi mbele ya watu. Kisha waombeni kitu kimoja kinachowezekana: kwamba katika msimu, mtoto wa Darasa la Pili na la Tatu aje shuleni walau hadi saa 5 asubuhi, kipindi cha ngazi kiwe kimeisha, ndipo aende shambani. Nimeona wazazi wa vijiji viwili wakilikubali hilo bila ubishi, kwa sababu waliona walichokuwa wanakilinda. Kama tungewaambia "mtoto asikanyage shamba hadi Desemba," wangeitikia ndiyo na kesho yake madawati yangekuwa matupu.

Mwisho, nunua kaunta buku moja lenye jalada gumu. Andika tarehe mliyoanza, darasa, matokeo ya mara ya kwanza, badiliko mlilochagua, siku lilizofundishwa, matokeo ya mara ya pili, na mlichoamua. Walimu wanaohudhuria Jumatano watie sahihi. Uhamisho ukija, na unakuja, usiondoke nalo. Lifungie kwenye kabati la ofisi, kwenye rafu ya mbele, na siku ya kukabidhi shule mfungulie mwenzako ukurasa wa kwanza kabla hujampa funguo za stoo.